Kilatini Kushoto, Kiingereza Kulia

Mpendwa Baba Neema,

Nimekaa upande wako wa meza. Upande wangu umejaa nguo za kupiga pasi, na tangu uondoke sina haraka ya kuzimaliza. Saltley yetu hapa Birmingham ni ile ile: mvua nyembamba, mabasi yakikata kona kwa shida, watoto wa jirani wakipiga mpira ukutani mpaka mama yao atoke na kufoka. Barua hii nimekubali isomwe na watu wengine, kwa hiyo utanivumilia nikisema hata yale unayoyajua kuliko mimi. Najua ungeuliza, "Bibi yangu, hayo yote ya nini?" Ni yao, mume wangu. Na kidogo ni yangu.

Watu wengi hapa walikujua kama mtu wa ghalani, yule Mkongo mrefu anayepakia maboksi na kurudi nyumbani ameshika kiuno. Wachache walijua kwamba kule Bukavu ulikuwa mwalimu wa Kilatini. Hata mimi uliponiambia mara ya kwanza nilicheka. Kwetu Voi, Kilatini kilikuwa lugha ya mapadri wa zamani, lugha ya kuzikia watu. Sikujua kwamba kuna mahali vijana wa Kiafrika hukaa darasani, mvua ikipiga mabati, wakichambua mashairi ya Warumi neno kwa neno, na kwamba mwalimu wao ni kijana mwenye shati moja jeupe analolifua kila jioni.

Tulikutana baada ya misa ya Kiswahili, kwenye ule ukumbi wa kanisa ambao haupati joto hata mwezi wa saba, kiangazi cha huku. Mimi nilikuwa nimetoka kazini katika nyumba ya wazee, bado nina sare ndani ya koti. Ulikuja na kikombe cha chai mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Kitabu ulikipata Digbeth, kwenye meza ya vitu vya mitumba, mgongo umevunjika. Kila ukurasa wa kushoto ulikuwa Kilatini, na wa kulia shairi lile lile kwa Kiingereza. Nusu ya kwanza ilikuwa ya mapenzi. Nusu ya pili ilikuwa ya vita.

"Dada, samahani," ulisema. "Hii neno ya Kiingereza inasema nini?"

Nikatazama. Lilikuwa neno la zamani, la kumtamani mtu mpaka mwili unauma. Nikaangalia huku na huku kama kina mama wa jumuiya wako karibu, ndipo nikakueleza kwa sauti ya chini. Ukatikisa kichwa kwa huzuni kabisa. "Haiko vile," ulisema. "Huku kushoto mwanaume anasema tu: sipati usingizi."

Ndivyo tulivyoanza. Jumamosi mchana nikiwa sina zamu tulikaa kwenye mkahawa mmoja wa Alum Rock Road, chai ya maziwa yenye iliki, kitabu katikati. Wewe ulitaka Kiingereza. Cha ghalani kilikuwa amri tupu: inua, sukuma, harakisha. Ulitaka cha kuzungumza na mtu. Mimi sijui nilitaka nini, nilijiambia nakusaidia. Wewe ulitoka na maana kutoka kushoto, mimi nikatoka na maana kutoka kulia, tukakutana kwenye Kiswahili. Na hapo napo palikuwa na shida, maana Kiswahili chako na changu vilikuwa ndugu walioachana wakiwa wadogo.

Unakumbuka ile siku ya "bongo"? Ulisoma shairi moja, ukafunga kitabu, ukasema, "Hii kitabu iko na bongo."

Nikafurahi. Kwetu mwenye bongo ni mwenye akili. "Kweli," nikasema, "kina bongo sana. Ndiyo maana nakipenda."

Ukanitazama kama mtu aliyesalitiwa. "Unapenda bongo?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa ndipo nikaelewa kwamba kwenu bongo ni uongo. Ulikuwa unamshitaki mfasiri. Ulisema Mrumi ametumia neno moja kavu, na Mwingereza ameleta ua, mwezi na machozi ambavyo havikuwepo. Nami nikamtetea. Shuleni tulilelewa kwa vina na mizani, najua kina kinavyoweza kumburuta mtu mahali asipotaka kwenda. "Huyu mtu hakukusudia kudanganya," nilikwambia. "Alikuwa anatafuta kina."

"Basi atafute kina kwa shairi yake," ukajibu. "Si kwa ya mwenziwe."

Halafu likaja lile shairi la mpenzi aliyejiita mwanajeshi. Washairi wale walipenda sana mchezo huo, na kitabu kilijaa mfano wake: mapenzi ni kambi, mwanamke ni ngome, mpinzani ni adui, mlango uliofungwa ni ukuta wa kuzingirwa. Mfasiri alikuwa ameufurahia mpaka Kiingereza chake kikawa kama ngoma ya gwaride. Mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Ulikaa kimya, kidole juu ya ukurasa, ukasema polepole, "Mutu ambaye ameona vita hawezi kusema vile." Ukaagiza chai nyingine ambayo hukuinywa. Sikuuliza. Kazi yangu na wazee imenifundisha kwamba kuna kimya cha mtu anayetaka kuulizwa, na kuna kimya cha mtu anayeomba usimguse. Kile kilikuwa cha pili.

Jinsi ulivyoniposa sijawahi kumwambia mtu, hata binti yetu Neema. Nilikuwa nasoma upande wa kulia, shairi la mtu anayemsihi mpenzi wake asiondoke. Kiingereza kilikuwa na minyororo, ndimi za moto, nyota zinazoanguka. Nikachoka. "Hebu niambie, huko kwenu kushoto anasema nini?"

"Anasema: baki."

"Baki tu? Maneno yote haya ni baki?"

"Baki na mimi."

Nikasogeza kitabu nione. Kilatini sikijui, lakini hata mimi niliona mstari umekwisha. "Hilo la mwisho ni la kitabu au ni lako?"

"Ya kitabu imeisha," ulisema, ukitazama kikombe.

Tulifunga ndoa katika ukumbi ule ule usiopata joto. Nyumba tuliyopata ndiyo hii, na kitabu kikapata rafu yake juu ya redio. Nusu ya mapenzi tuliimaliza. Nusu ya vita hukuwahi kuifungua, na mimi sikuifungua bila wewe. Neema akazaliwa, akakua akisikia wewe ukisema Kiswahili cha Bukavu na mimi cha Voi, akatujibu sote wawili kwa Kiingereza cha Birmingham.

Yeye ndiye aliyekuja kuifungua. Alikuwa kidato cha juu, ameambiwa atafute shairi la kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Akakichukua kitabu rafuni bila kuuliza. Ilikuwa jioni mapema, wewe umetoka ghalani, mimi nakatakata vitunguu, naye akasimama hapo mlangoni akaanza kusoma. Lilikuwa shairi la mji unaochomwa. Kwa Kiingereza lilikwenda mbio kama farasi. Moto unakimbia na vina, ngao zinagongana kwa mizani, hata kilio cha wanawake kimepata mahali pake pazuri mwishoni mwa ubeti. Neema ana sauti. Alipomaliza uso wake uliwaka.

"Ni zuri, Dad, si ndiyo?" aliuliza kwa Kiingereza.

Ulisimama. Nilidhani unatoka nje. Ukaenda mpaka kwenye jiko, ukazima moto chini ya sufuria yangu, ukabaki umeishika mpini.

"Ile siku hakukuwa vina," ulisema.

Ndipo ukatueleza. Ulikuwa shuleni, asubuhi, mnachambua kitenzi ubaoni, milio ya bunduki ilipoanza upande wa chini wa mji. Watoto walitawanyika. Wewe hukukimbilia kwenu, ulikimbilia kwa kina Furaha. Furaha alikuwa mchumba wako, wazazi walikwisha kukaa pamoja, mlibakiza siku tu. Ulikuta mlango wazi. Hakukuwa na mtu. Sufuria ya maharagwe ilikuwa inachemka juu ya makaa, mwiko umeegemezwa ukingoni, kama mtu ametoka kuita jirani. Uliita jina lake nyumba nzima. Halafu, kabla hujaondoka, uliiepua ile sufuria.

"Kwa nini?" Neema aliuliza. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akikuuliza jambo kwa Kiswahili.

"Isiungue," ulisema. "Nilifikiri atarudi na njaa."

Hukumwona tena. Ulitembea, ukavuka mpaka, ukaishi kambini, ukafika huku, na njiani kote ulimuuliza kila mtu wa kwenu. Kisha ukaacha kuuliza. Neema alikuja akakukumbatia kwa nyuma, kitabu bado mkononi, nanyi mkasimama hivyo muda. Mimi niliendelea kukata vitunguu kwa sababu vilinipa ruhusa ya kulia.

Tulipobaki wawili nilikuuliza kama ulimpenda.

"Nilimupenda," ulisema. Hukuongeza "zamani." Nakushukuru mpaka leo kwamba hukuongeza.

Katika kitabu kile, mwanamke wa kwanza na mwanamke wa pili wana kazi moja tu: kuchukiana. Nilingoja chuki ije. Nilikaa nayo chonjo kama mtu anayesubiri homa. Badala yake nilikuwa nikiiona ile sufuria, na msichana nisiyemjua akikimbia akiwa hajala. Nikakwambia, "Tumtafute." Ukasema amekufa. Nikasema, "Basi tumtafute tujue amezikwa wapi."

Tuliuliza kanisani. Mzee mmoja wa kwenu alikuwa na binamu Uvira, binamu akauliza sokoni, na siku moja namba ikaja kwenye simu yako. Furaha alikuwa hai. Alikuwa anauza vitenge, ana mume, ana watoto wakubwa. Ulitaka kwenda kuongea chumbani. Halafu ukabadili mawazo, ukaweka simu hapa mezani, sauti juu, nami nikavuta kiti.

"Deo?" sauti ilisema. "Ni wewe Deo? Mimi nilikuzika! Banasema balikuona umelala ku lango ya masomo, pale ulikuwa unafundisha. Nililia matanga yako!"

Mlicheka, mkalia, mkaongea wote kwa pamoja. Halafu ukamwuliza jambo ambalo kumbe ulilibeba miaka yote ile. Ulimwuliza kama alirudi nyumbani.

"Nilirudi," alisema. "Kila kitu kimebebwa. Ila sufuria ilikuwa pembeni ya makaa. Nikajiuliza, ni askari gani anaweza kuepua maharagwe ya mutu?" Tukasikia soko nyuma yake, mtu akiita bei. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

Sijawahi kuona uso wako ukiwa kijana vile. Mwisho wa simu Furaha aliomba kuongea na mimi. Aliniambia, "Mama Neema, asante kumutunza." Tangu siku hiyo nilikuwa na dada Uvira. Alinitumia picha za vitenge, nikamtumia picha za Neema.

Kisha ukaugua. Wasomaji sitawachosha na hospitali. Kila mtu ana hospitali yake. Ilipofika mahali madaktari wanaanza kuongea kwa upole kupita kiasi, tulikuleta nyumbani, tukakuwekea kitanda sebuleni ili uone barabara. Nimewaaga wazee wengi katika kazi yangu, nikadhani mikono yangu imezoea. Haikuwa imezoea wewe.

Hapo ndipo ulipotaka kitabu. Neema alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akikusomea kulia, nawe ukimjibu kwa kushoto bila kutazama, macho umeyafumba. Mkaisoma nusu ya vita yote. Kuna siku alisoma shairi fupi la baba anayekabidhiwa silaha za mwanawe, silaha tupu, mwana hayupo. Kiingereza kilikuwa kimepoteza mwendo, kina kimoja hakikukaa sawa. Neema alikwama. Ukamwambia arudie. Akarudia.

"Sikiya," ulisema. "Hapa Mwingereza alishindwa. Kina ilikataa, na aliiacha vile. Pengine na yeye alikuwa na mutu."

Ulimsamehe siku hiyo, yule mfasiri uliyemgombeza Jumamosi zote zile. Ukamsamehe hata mpenzi aliyejiita mwanajeshi. Ulisema labda mshairi alikuwa amechoka na vita vya kweli, akayachukua maneno yake, kambi na ngao na kuzingira, akayapeleka kwa wapenzi ili kwa siku moja yafanye kazi isiyoua mtu. Neema alisema hilo aliandike. Ukasema asiliandike, alikumbuke tu. Nami sasa nimeliandika. Utanigombeza tukikutana.

Siku zile zile vita vilirudi kwenu. Tuliona kwenye simu barabara ulizozijua, watu wakipita na magodoro kichwani. Ujumbe wangu kwa Furaha ukabaki na alama moja ya kijivu, haujamfikia. Kila asubuhi nikikuosha uso uliuliza, "Furaha amejibu?" Kila asubuhi nilikwambia ukweli: bado. Neema aliniomba nikudanganye. Sikuweza. Ulikuwa umeishi na uongo wa kifo chake miaka mingi, sikutaka uondoke na uongo wa uzima wake.

Ukaondoka bila kujua. Neema alikuwa ameenda duka la dawa. Mvua ilikuwa imekatika. Ulivuta pumzi, nikangoja nyingine.

Majirani walijaa humu ndani. Wakongo waliimba, Wakenya wenzangu wakapika, na mama wa Kizanzibari wa nyumba ya tatu akaleta uji mtungi mzima, akakaa nami. Tulikuzika kwenye upande wa juu wa makaburi, mahali penye upepo. Neema alisoma lile shairi la baba na silaha. Alilisoma kwa Kiswahili. Alilitafsiri mwenyewe, ngeli zimepinda, nusu ya Bukavu na nusu ya Voi, hakuna kina hata kimoja. Hukulisikia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nyumba imekuwa kimya namna ambayo sikuijua. Redio nimeihamisha. Nalala katikati ya kitanda kwa sababu kulala upande wangu ni kukungoja.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikae niandike.

Jumapili iliyopita, nimetoka kanisani, namba ya Burundi ikapiga. Nyuma ya sauti kulikuwa na umati, madumu yakigongana, mtu akipanga watu foleni ya maji.

"Mama Neema. Niko."

Alinieleza kwa ufupi, kama mtu asiye na muda kwenye simu ya kuazima. Wamevuka na watoto na wajukuu. Mumewe alibaki nyuma kufunga duka, wakaambiwa ameuawa barabarani. Hawakupata mwili. Alisema yote hayo kwa sauti moja, halafu akasema, "Nipatie Deo."

"Furaha," nikasema. "Deo alifariki."

Madumu yaligongana muda mrefu.

"Nani alimuua?" aliuliza.

Baba Neema, sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu ambaye hilo ndilo swali lake la kwanza.

"Hakuna aliyemuua. Aliugua. Alikuwa kitandani."

"Ku kitanda? Ndani ya nyumba?"

"Ndani ya nyumba. Dirisha wazi. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Na kaburi? Muko nayo?"

"Tunalo. Lina jina lake."

Nikamsikia analia, polepole, bila kujificha. Kisha akamwambia mtu aliyekuwa karibu naye, labda binti yake, si mimi, akiwa ameusogeza mdomo mbali na simu:

"Deo amekufa ku kitanda yake. Vita haikumupata."

Lala, mume wangu. Neema anakusalimu kwa Kiswahili, na Furaha yuko hai.

Mkeo,
Mama Neema